Je, wajua kwa nini Lamine Yamal hupunguza mwendo pale ambapo Nico Williams hukanyaga mafuta?

Usiku wa Julai 14, 2024, saa tano ikiwa imepita kidogo, nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la kibanda umiza nikitazama fainali ya Euro, kombe la mataifa ya Ulaya, kutoka Berlin. Kipindi cha pili ndiyo kwanza kimeanza. Lamine Yamal, winga (mshambuliaji wa pembeni) wa Hispania, akaingia ndani kutokea kulia, akaachia pasi, winga mwenzake Nico Williams akamalizia kutokea kushoto. Hispania 1, Uingereza 0. Kibanda kikalipuka, nami nikatoa hukumu: "Hawa watoto ni spidi tu. Spidi haina dawa."

Fundi pikipiki aliyekaa mbele yangu akageuka. "Huyo wa kushoto, sawa. Lakini huyu wa kulia mbona anatembea?"

Nilimbishia hadi filimbi ya mwisho. Siku chache baadaye nikakaa na marudio ya mechi za Hispania, nikimtazama Yamal tu na kuuacha mpira uende zake. Fundi alikuwa sahihi. Mara nyingi kijana anapopokea mpira pembeni na kumkuta beki mbele yake, kitu cha kwanza anachofanya ni kufunga breki.

Kosa langu lina wenzake wengi. Tangu shule ya msingi mwalimu wa michezo akimwona mtoto mwenye mbio anampa namba 7 au 11, jezi za mawinga, kwa hiyo tunakua tukiamini kwamba kumpita beki ni mashindano ya riadha yenye mpira katikati. Ingekuwa hivyo, mabeki wangekuwa na raha, maana mtu anayekokota mpira hukimbia polepole kuliko yeye mwenyewe akiwa hana mpira. Na Usain Bolt angekuwa winga wa kutisha. Mwaka 2018 alikwenda kufanya majaribio na Central Coast Mariners ya Australia, akafunga mabao mawili katika mechi ya kirafiki, kisha akaondoka bila mkataba. Binadamu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kupimwa kwenye mita 100! Mbio zinasaidia, hakuna anayekataa. Ila zinasaidia baada ya beki kuwa amekosea. Swali ni nani anamkosesha, na kwa njia gani.

Historia yao kwa ufupi. Nico alizaliwa Pamplona Julai 12, 2002, wazazi wake ni wa kutoka Ghana, klabu yake ni Athletic Bilbao. Yamal alizaliwa Julai 13, 2007, baba Mmoroko na mama wa Guinea ya Ikweta, akaingia akademia ya Barcelona akiwa na miaka 7. Mmoja alitimiza miaka 22 siku mbili kabla ya fainali, mwingine 17 siku moja kabla. Nico hutumia zaidi mguu wa kulia na hucheza kushoto, Yamal ni wa mguu wa kushoto na hucheza kulia. Kwenye karatasi ni kama mtu na kivuli chake kwenye kioo, na ndiyo maana ni rahisi kudhani wanafanya kazi moja.

Sasa tuje kwenye breki.

Umewahi kukutana na mtu kwenye kichochoro chembamba, wewe ukaenda kulia naye akaenda upande huohuo, mkarudi wote, mkabaki mnacheka? Hakuna kati yenu aliyekuwa na mbio. Kilichowakwamisha ni kwamba kila mmoja alikuwa ameshaupeleka mwili upande fulani kabla ya kujua mwenzake anakwenda wapi. Beki anayemkabili Yamal yuko kwenye kichochoro hicho, tofauti ni kwamba mmoja wao tu ndiye anayejua safari inaelekea wapi.

Jaribu mwenyewe. Simama, angusha bega la kulia kama unayetaka kukimbilia kulia, halafu mwili ukiwa umeshaanza kwenda, badili uelekee kushoto. Utasikia mguu wa kulia ukichimba chini kwanza. Huo mchimbo ndio breki. Kazi ya kwanza ni kuzima mwendo usioutaka, kazi ya pili ni kuanzisha unaoutaka. Hata bodaboda iliyopitiliza abiria haigeuki papo hapo, sharti kwanza ipunguze. Tena ongeza kwamba jicho likiona jambo, mwili huchukua takribani sekunde 0.2 kuanza kuitikia. Kuona, kufunga breki, kusukuma upya: beki ana madeni matatu. Yamal hana deni la kuona, na mengine mawili ameshayapanga, kwa sababu hadaa ni yake na saa ya kuondoka ni yake. Wala hahitaji kumwacha beki mbali. Nusu mita inatosha kupiga shuti.

Lakini kwa nini apunguze mwendo? Kwa sababu winga akija kasi, beki naye anarudi nyuma kwa kasi, na kazi yake inakuwa nyepesi: aendelee tu kwenda. Winga akisimama, beki analazimika kusimama, na mtu aliyesimama wima mbele ya mpira anatamani kufanya kitu. Isitoshe, mpira uliosukumwa mita tatu mbele umeshatangaza nia yako kwa uwanja mzima. Uliolala kando ya kiatu haujasema lolote.

Tazama bao lake dhidi ya Ufaransa kwenye nusu fainali, Julai 9, dakika ya 21. Adrien Rabiot, kiungo wa Ufaransa, yuko mbele yake, nje ya boksi. Hakuna mbio hapo. Yamal anayumbisha mwili, anausogeza mpira kidogo kwenda kushoto, nafasi inafunguka, na shuti la kuzungusha linagonga mwamba kwa ndani na kuzama wavuni. Rabiot hakuachwa nyuma, aliachwa pembeni kidogo tu. Bao hilo ndilo lililomfanya Yamal kuwa mfungaji mdogo kuliko wote katika historia ya Euro.

Nico anavunja kitu kingine: kiuno. Akikujia kasi huwezi kuendelea kurudi kinyumenyume, kwa sababu hakuna anayekimbia kinyumenyume kwa kasi ya anayekimbia mbele. Lazima ugeuze nyonga. Ukishazigeuza umekuwa mlango wenye bawaba: unafunguka upande mmoja tu. Ukifungukia nje anakata ndani, ukiziba ndani anapita nje kuelekea mstari. Giovanni Di Lorenzo, beki wa Italia, alionja hayo kwenye Euro hiyohiyo, Juni 20 mjini Gelsenkirchen, usiku mzima akichagua upande na kukuta si wenyewe. Bao pekee la mechi ile lilitokana na krosi ya Nico, beki mwingine wa Italia, Calafiori, akajifunga.

Hapa nipunguze sauti kidogo. Tafiti za raga zimeonyesha kwamba wachezaji wazoefu hawahadaiki na mwili wa mshambuliaji kirahisi kama wanagenzi, lakini huko watu hutazama video na kuchagua upande. Kubashiri ukiwa umekaa si sawa na kukaba ukiwa unahema. Pia Yamal si mzito: akishafungua ile nusu mita huondoka kwa kasi ya kutosha, na Nico naye ana hadaa za kusimama. Na kuwalinganisha kwa idadi ya chenga tu ni kujidanganya. Barcelona humiliki mpira muda mrefu, hivyo Yamal hukuta beki ameshajipanga, mara nyingi na msaidizi nyuma yake. Athletic hupenda kushambulia haraka, hivyo Nico hupata uwanja wazi. Kila mmoja amepewa mtihani unaofanana na kipaji chake, au labda kipaji kimeukuta mtihani. Hilo tukabishane kibandani.

Nimelirudia pia lile bao la fainali, dakika ya 47, nililolitumia kama ushahidi wangu wa spidi. Dani Carvajal, beki wa kulia wa Hispania, anampa Yamal kwa nje ya kiatu, Yamal anaukokota kuingia ndani, Waingereza wanamfuata, pasi inakwenda kushoto. Nico anapiga mara moja, chini chini, tena kwa mguu wa kushoto, ule usio wake. Hakupiga chenga hata moja.