Kikamulio cha kahawa si dele, wala si mashine ya espresso

Mtu wa Lamu hafundishwi kunywa kahawa. Dele (birika letu la kahawa) juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, tangawizi na iliki, kipande cha halua pembeni, mazungumzo ya uwanja wa Mkunguni baada ya magharibi: hayo yote tumeyarithi. Kigeni ni kile chombo kidogo cha plastiki ambacho wageni wanaolala Shela huwa nacho mikobani, na ambacho siku hizi vijana wetu wanarudi nacho kutoka Nairobi. Kinaitwa AeroPress, nami nakiita kikamulio. Kilibuniwa Marekani na mhandisi Alan Adler na kikaanza kuuzwa 2005. Ni mabomba mawili tu. La ndani lina mpira mwishoni na huteleza ndani ya lile la nje, na chini ya lile la nje hufungwa kifuniko chenye matundu kinachoshika karatasi ya kuchujia. Unatia kahawa ya unga, unatia maji ya moto, unakoroga, unangoja kidogo, kisha unakamua moja kwa moja ndani ya kikombe.

Nakipenda chombo hiki, na inaniuma kusikia kikilaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Karibu kila lawama inatokana na mtu kukitumia kama dele, au kukidai kifanye kazi ya mashine ya espresso ya mkahawani.

"Maji lazima yawe yanatokota"

Dhana hii imeharibu vikombe vingi kuliko nyingine zote. Kwenye dele kahawa huchemka pamoja na maji yake, tena kwa muda, na ule uchungu unaotoka ndio unaotakiwa. Tende na halua zipo kuupokea. Kikamulio hakichemshi kitu. Maji hukaa na kahawa dakika moja au mbili, basi. Kahawa iliyokaangwa ikawa nyeusi, ikimwagiwa maji yanayotokota, hutoa uchungu mkavu unaoganda kooni. Adler mwenyewe alipendekeza maji ya nyuzi 80 hivi. Ile iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya hudhurungi, huhitaji moto zaidi, nyuzi 90 na kuendelea, kwa sababu haitoi ladha yake kwa urahisi.

Sasa kuna jambo ambalo maelekezo ya kutoka bara hayalitaji. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji hutokota yakifika nyuzi 94 au 95. Kijana aliyezoea huko kumimina mara tu birika linapochemka hajawahi kugusa nyuzi 100 maishani mwake kama mpishi wa kahawa. Akishuka Lamu au Malindi, ambako bahari iko mlangoni, maji yaleyale hutokota kwenye nyuzi 100. Anafanya kila kitu kama alivyofundishwa, kikombe kinatoka kichungu, na anayelaumiwa ni muuza kahawa. Dawa yake ni rahisi na haihitaji kipimajoto: epua birika, fungua kifuniko, liache litulie dakika chache. Au mimina maji kwanza kwenye kikombe baridi ndipo uyatie kwenye kahawa, maana kila yanapohamishwa chombo hupoteza nyuzi kadhaa.

"Ni espresso ya mkono"

Hesabu inakataa. Mashine ya espresso husukuma maji kwa shinikizo la karibu mara 9 ya shinikizo la hewa, yaani kama kilo 9 juu ya kila sentimita ya mraba. Bomba la kikamulio lina upana wa karibu sentimita 6, kwa hiyo uso wa mpira wake ni sentimita za mraba 28 hivi. Ili mkono wako ufikie shinikizo la mashine, ungehitaji kukandamiza kwa uzito wa kilo 250, mifuko mitano ya saruji. Hakuna mtu anayefanya hivyo juu ya meza ya jikoni. Povu dogo unaloliona juu ya kikombe ni hewa iliyosukumwa, nalo hutoweka kabla hujaketi.

Kinachotoka ni kahawa safi, nzito ukitaka iwe nzito, na inapokea maziwa vizuri. Gramu 15 za kahawa kwa mililita 200 za maji ni mwanzo mzuri kwa kikombe kimoja kikubwa. Inatosha kuipenda kwa jinsi ilivyo.

"Ukikandamiza kwa nguvu ndiyo inakolea"

Nguvu hukandamiza unga ukawa kama ukuta, maji yakatafuta upenyo mmoja na kupita hapo. Upande mmoja unakamuliwa kupita kiasi na mwingine unabaki na ladha yake. Sukuma taratibu, kwa uzito wa mkono tu, nusu dakika hivi. Kati ya mpira na maji kuna hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi. Ukisikia inaanza kupiga mluzi, acha. Matone ya mwisho hayana ulichokosa.

Kama kinakataa kushuka, usikipande kwa magoti. Unga wako ni laini mno. Kahawa inayotwangwa kwa ajili ya dele huwa karibu vumbi, na dele hailikatai kwa sababu vumbi hutuama chini. Kwenye karatasi vumbi huziba. Omba usagiwe yenye chembe unazozihisi ukizisugua kwa vidole.

Na viungo je? Kahawa ya Lamu bila tangawizi kwa wengi wetu ni nusu ya kahawa, na sitamwambia mtu aiache. Ila usitie unga wa tangawizi ndani ya kikamulio: huziba karatasi, na harufu yake hung'ang'ania mpira hadi kahawa ya kesho kutwa. Chemsha tangawizi iliyopondwa na iliki kwenye maji, chuja, yaache yapoe kidogo, kisha tumia maji hayo. Ladha inaingia yote na chombo kinabaki salama.

Wapo wanaokigeuza kichwa chini wakati wa kungoja, ili maji yasidondoke mapema. Sioni faida inayolingana na hatari ya maji ya moto kumwagika mapajani, hasa nyumba yenye watoto.

"Kahawa chungu ndiyo kali"

Uchungu na kafeini ni mambo mawili. Uchungu mwingi huletwa na kukaanga, na kukaanga sana hakuongezi kafeini. Kinachobadilisha kafeini ni aina ya mbuni na kiasi cha unga unaotia: robusta ina karibu mara mbili ya arabika, na kahawa ya Nyeri, Kirinyaga na Murang'a ni arabika. Vivyo hivyo herufi AA kwenye pakiti: zinataja ukubwa wa punje. Punje kubwa iliyokaa dukani mwaka mzima haishindi ndogo iliyokaangwa juzi.

"Karatasi ni ya kuzuia machicha tu"

Inazuia zaidi ya machicha. Kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi hubeba mafuta yanayoitwa kafestoli na kahweoli, na haya hupandisha kolesteroli mwilini. Karatasi huyashika karibu yote. Chujio la chuma huyaacha yapite. Siandiki haya ili wazee waache dele, vikombe vyao ni vidogo. Lakini mtu aliyeambiwa na daktari apunguze kolesteroli, na anakunywa vikombe vikubwa kila siku, ana sababu nzuri ya kuchagua karatasi. Wala si lazima itupwe baada ya mara moja: isuuze, ianike, itumie tena hadi ianze kulegea.

"Kahawa nzuri hufunika maji mabaya"

Kikombe cha kahawa ni maji kwa zaidi ya sehemu 98 kati ya 100. Maji matamu ya Lamu hutokana na mvua inayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kila mwenyeji anajua kisima gani cha mjini kina chumvichumvi. Yakiwa na ladha ya chumvi mdomoni, kahawa itakuwa na ladha hiyo, hata iwe imetoka shamba gani. Maji ya mvua ya jabia hayana chumvi, lakini huweza kutoa kahawa iliyopooza kwa kukosa madini. Mimi huyachanganya na ya kisima kizuri. Ukoga mweupe unaoganda ndani ya birika ni madini ya maji magumu. Chemsha humo maji yenye siki au ndimu, yaache yakae, suuza.

"Kinajisafisha chenyewe"

Hapa ndipo ninapotaka nisikilizwe. Ni kweli kwamba ukimaliza kukamua, unafungua kifuniko, unasukuma, na machicha yanaruka yote pamoja kama kidonge. Mpira nao umekwangua kuta za bomba ukishuka. Watu wanaona hivyo, wanamwagia maji kidogo, wanasema kimetakata. Mafuta ya kahawa hayaondoki kwa maji matupu. Hujificha nyuma ya mpira, kwenye ukingo wake, na katika matundu ya kifuniko, kisha kwa joto letu la pwani huchacha haraka. Ile ladha kavu ya mafuta ya zamani unayoionja kwenye kahawa mpya inatoka huko.

Kila siku, maji ya moto na kidole kwenye ukingo wa mpira vinatosha. Mara moja kwa wiki, uvute mpira utoke kabisa, uuoshe mbele na nyuma kwa sabuni ya vyombo, na matundu uyasugue kwa mswaki wa zamani. Wapo wanaoamini sabuni huharibu ladha. Sabuni iliyosuuzwa vizuri haibaki, mafuta yaliyochacha ndiyo yanayobaki. Ila makumbi ya nazi, mchanga na waya wa kusugulia viache kwa masufuria. Plastiki ikikwaruzwa, mafuta hupata mahali pa kukaa na mpira hautelezi tena sawasawa. Kwa sababu hiyohiyo, ukiwa safarini kwenye jahazi usikisuuze kwa maji ya bahari ukakiacha hivyo: yakikauka huacha chumvi, na mchanga uliokuja nayo hubana kati ya mpira na bomba. Kipanguse kwa kitambaa, ukioshe vema ukifika kwenye maji matamu.

Kuhusu plastiki yenyewe, vilivyotengenezwa hadi 2009 vilikuwa vya polikaboneti, plastiki yenye BPA, kemikali ambayo wengi huihofia kwa afya. Vya baadaye havina. Anayenunua kilichotumika na aulize umri wake.

Na usikihifadhi bomba la ndani likiwa limeingia nusu. Mpira ukibanwa siku nzima na usiku kucha hupoteza umbo, ukaanza kupitisha maji pembeni, na mtu anasema chombo kimekufa. Lisukume hadi mpira utokeze upande wa pili, au yatenge mabomba mbali. Kiache kikauke kabla ya kukifungia mkobani, kwa sababu unyevu wetu huotesha ukungu kwenye machicha haraka, na karatasi zitie kwenye kopo lenye mfuniko. Mpira uliokwisha kulegea huuzwa peke yake. Hakuna haja ya kununua kikamulio kizima.