Koti zito haling'arishi gari la 1:24

Nimeambiwa tena wiki hii, na aliyeniambia ni fundi rangi wa magari pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, mtu anayeijua kazi yake barabara: "Kaka, hiyo bodi yako haing'ai kwa sababu unapuliza kwa woga. Piga koti zito la rangi, liache litulie lenyewe, kesho utajiona humo kama kwenye kioo." Namheshimu sana. Gari likitoka mikononi mwake unaweza kudhani limeshuka melini jana. Lakini ushauri huohuo nausikia kwa kila kijana anayeanza kuunda modeli za magari, na umeharibu bodi nyingi kuliko gundi iliyomwagika na visu vilivyoteleza. Leo naandika kwa urefu, ili nikiulizwa tena niwe natuma makala hii.

Rangi haing'ai kwa unene. Inang'aa kwa ulaini wa uso wake. Mwanga ukiangukia uso uliolala sawasawa, unarudi kwa mpangilio, na ndiyo maana unaiona taa ya dari ndani ya boneti. Ukiangukia uso wenye vijilima na vijibonde, hata vile ambavyo jicho haliwezi kuvihesabu, unatawanyika, na bodi inaonekana imefifia. Tabaka jembamba lililotulia linang'aa. Tabaka nene lenye vijishimo kama ganda la chungwa halitang'aa hata uliongezee klia, lile koti la mwisho lisilo na rangi, mara ngapi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mabishano yanapoishia. Rangi ya gari halisi kutoka kiwandani, kuanzia praima, koti la chini kabisa, mpaka klia, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150. Maikroni 100 ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua Hiace, ile nyembamba tunayoipanda kila siku kwenda Mbalizi au Uyole. Upana wake ni milimita 1,695. Kwenye skeli ya 1:24, yaani modeli iliyo ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, inabaki milimita 70 na ushee, inaenea kiganjani. Mwanya kati ya mlango na bodi, ambao kwenye gari halisi ni kama milimita tano, unabaki milimita 0.2. Paka humo maikroni 100 tu, unene uleule wa kiwandani: milimita 0.1 upande huu, milimita 0.1 upande wa pili. Mwanya umekwisha. Mlango umeungana na bodi, na gari zima linaonekana limechongwa kwenye sabuni.

Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo maana mistari ya milango wanaichonga mipana kidogo kuliko hesabu inavyotaka. Hiyo nafasi ya ziada imewekwa kwa ajili ya rangi, na ni ndogo. Ukigeuza hesabu, maikroni 100 juu ya modeli ya 1:24 ni sawa na kupaka milimita 2.4 za rangi juu ya Hiace halisi. Muulize fundi yeyote atakwambia nini ukimletea gari lenye rangi ya unene huo. Beji ya nyuma imezama, vitasa vimevimba, na zile nati ndogo za taa ambazo mchongaji wa kiwanda cha modeli kule Shizuoka, Japani, alihangaika nazo hazionekani tena.

Nakubali kwamba fundi wangu hakuzua jambo kutoka hewani. Koti la mwisho kwenye gari kubwa huwa na majimaji ya kutosha, linatiririka na kujisawazisha kabla ya kukauka. Boneti ya Land Cruiser ni uwanja, rangi ina pa kutulia. Bodi ya modeli haina uwanja. Kila baada ya milimita chache kuna ukingo, mkunjo, mfereji au nguzo ya kioo. Rangi yenye majimaji mengi hukimbia kingo kali na kujikusanya kwenye mabonde. Matokeo yake unapata mambo mawili mabaya kwenye bodi moja: kwenye kingo plastiki inachungulia, kwenye mifereji rangi imejaa. Halafu mtu anaona kingo zimechungulia, anaongeza koti lingine zito ili azifunike, na mifereji inajaa zaidi. Bunduki ya rangi ya fundi wangu ina tundu la milimita 1.3 au 1.4. Brashi yangu ya hewa ina tundu la milimita 0.3. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kutuambia kwamba hatufanyi kazi ileile.

Kinachonichosha zaidi ni wale wanaosikia "nyembamba" wakaelewa "kavu". Wanasimama mbali, wanapuliza vumbi la rangi ambalo limeshakauka hewani kabla ya kugusa bodi, kisha wanakuja kunionyesha uso unaokwaruza kama msasa na kusema njia yangu haifanyi kazi. Koti jembamba lazima lifike likiwa bichi. Rangi ichanganywe na thina, kiyeyusho chake, sehemu moja ya rangi kwa sehemu moja ya thina au thina izidi kidogo, mkono uwe karibu, sentimita 10 hivi, na usisimame. Anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje ya bodi. Tazama mwanga kwenye paa wakati unapita: nyuma ya mkono wako unapaswa kuona utepe unaometa kwa sekunde chache kisha unatulia. Usipometa, uko mbali au mchanganyiko ni mzito. Ukimeta na kuanza kutembea, umechelewa kusogeza mkono. Utepe huo ndio kipimo, na hakuna namba ya kwenye kopo itakayokufundisha kuuona. Mimi huanza na makoti mawili matatu mepesi ya kushika, yasiyofunika kila kitu, halafu ndipo la majimaji. Plastiki ikichungulia kwenye koti la kwanza, iache ichungulie.

Koti zito lina balaa jingine linalowapata hasa wakusanyaji. Juu linakauka haraka na kufanya ngozi, kama utando juu ya uji, huku chini thina imenaswa. Ukigusa unaona limekauka. Unalipeleka kabatini, au unalifunga kwenye karatasi laini kwa sababu unahama nyumba, na ukilifungua unakuta karatasi imepiga chapa yake kwenye paa. Hata lisipoguswa, linaendelea kunywea kwa muda mrefu, na mikwaruzo ya msasa uliyodhani umeifunika inajitokeza moja moja. Kipimo changu ni pua. Bodi ikinuka thina ukiisogeza karibu, haijakauka, hata kama ngozi yake ni ngumu.

Kuna swali la kwa nini tusioke basi, kama wanavyofanya kwenye banda la rangi. Bodi ya chuma kiwandani huokwa kwa joto linalozidi nyuzi 120. Polistirini, plastiki ya modeli zetu, hulainika ikikaribia nyuzi 100, na bodi nyembamba yenye nguzo za vioo huanza kupinda kabla ya hapo. Kwa hiyo hatuoki, tunasubiri. Na tafadhali msikaushe bodi iliyopulizwa kando ya jiko la mkaa. Mvuke wa thina unashika moto.

Huku kwetu wengi tunatumia rangi za magari halisi, za kuchanganyiwa dukani, kwa sababu makopo ya kupuliza ya kampuni za modeli ni mzigo wa hatari na hayasafirishwi kiholela kwa ndege. Ni rangi nzuri, lakini thina yake ni kali. Dondosha tone moja kwenye kipande cha fremu iliyobaki baada ya kukata vipuri. Pale lilipoanguka panapoteza mng'ao, panakuwa laini, ukibonyeza kidole alama inabaki, na pakikauka panakuwa na nyufa ndogo ndogo zilizosambaa. Koti zito la rangi hiyo moja kwa moja kwenye plastiki linafanya hivyo bodi nzima, kwa sababu thina inakaa muda mrefu ikila. Makoti mepesi yanakauka kabla hayajala. Praima iwepo, nayo ipigwe nyembamba. Bodi ikiwa imemwagwa kwa plastiki nyekundu na unataka kuipaka nyeupe, piga silva katikati, la sivyo wekundu utapanda na kuifanya nyeupe yako kuwa ya waridi. Kabla ya yote osha bodi kwa sabuni ya vyombo uondoe mafuta ya kiwandani. Hilo halihitaji maelezo.

Klia ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuigandisha, inang'aa kuliko zote, na ni kweli. Lakini hadena yake ina isosianati, kemikali ambazo huharibu mapafu na zinaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Kama huna kinyago chenye vichujio vya kemikali na mahali pa wazi, tumia klia ya kawaida.

Hali ya hewa ya Mbeya nayo ina sauti. Tuko kwenye mita 1,700 hivi, na asubuhi za Juni na Julai kopo la kupuliza lina presha ndogo, linatema matone badala ya ukungu. Liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, yasiwe ya moto. Mimi hupuliza saa nne mpaka saa saba, jua likiwa limepanda na upepo wa mchana haujaleta vumbi, na sakafu nainyunyizia maji kwanza. Masika ni kesi nyingine. Mlima Loleza ukijifunika mawingu sipulizi klia kabisa: thina inapokimbia inaupoza uso, unyevu wa hewa unageuka maji juu yake, na klia inageuka maziwa. Thina ya kukauka polepole inasaidia, lakini kusubiri kunasaidia zaidi.

Kuna mambo mawili ambayo sijayamaliza moyoni. La kwanza ni rangi za metali. Chembe ya alumini ya maikroni 20 ikiwa juu ya 1:24 ni sawa na chembe ya karibu nusu milimita kwenye gari halisi, kwa hiyo silva ya dukani inaonekana kama imemwagiwa mchanga unaometa. Nachagua yenye chembe laini kuliko zote, na bado nikisimama hatua mbili nashindwa kuona kama taabu yangu ilikuwa na maana. La pili ni mng'ao wenyewe. Modeli tunaitazama kwa umbali wa sentimita 60, ambao kwa skeli ni kulitazama gari halisi kutoka mita 14 na kitu. Kwa umbali huo daladala ya Mbalizi haikuonyeshi sura yako, inakuonyesha vumbi. Modeli yangu ya Bluebird kutoka kampuni ya Hasegawa, ile ya Datsun iliyoshinda Safari Rally mwaka 1970, inanitesa kila ninapoitazama: niipe kioo au niipe ukweli? Kuna siku naona klia inayong'aa nusu ndiyo sahihi, kuna siku naona mtu aliyesanifu bodi ile anastahili kioo.

Kioo chenyewe ukikitaka, hakitoki kwenye bunduki hata kidogo. Kinatoka kwenye msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, halafu dawa ya kung'arisha kwa kitambaa laini. Epuka kingo. Pale klia ni nyembamba kuliko popote, na ukisugua mara mbili umefika kwenye praima.

Wenye bodi zilizokwishajazwa rangi, msizitupe. Zitumbukizeni kwenye mafuta ya breki ndani ya chombo chenye mfuniko, vaeni glavu, kisha sugueni kwa mswaki wa zamani. Kwa kawaida rangi inatoka na plastiki inabaki salama, lakini jaribuni kwanza kwenye kipande cha fremu. Osheni kwa sabuni mara kadhaa. Kisha pitisheni mgongo wa ncha ya kisu kwenye mistari yote ya milango, polepole, mara nyingi bila kukandamiza, mpaka iwe na kina, na hasa ile ya chini ya vitasa, maana hiyo ndiyo huziba kwanza.