Kunasa picha kwenye video mubashara: ya vijiweni na ukweli wake

Kijana anafunga kamera juu ya meza ya mnada pale Deep Sea, Tanga, akitaka kompyuta imwambie huyu changu, yule kolekole, na ndoo zilizoshushwa ni ngapi. Ikikosea, lawama zote zinaangukia akili mnemba. Mimi huuliza kwanza: picha uliipataje? Modeli nyingi za kutambua vitu, yaani programu zilizofunzwa kwa picha, hazifuatilii video. Hupewa picha mnato mojamoja, na picha ikichomolewa vibaya hakuna modeli ya kuiokoa.

"Video ni picha zilizopangwa tu, chomoa yoyote."

Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi. Kamera ya fremu 25 kwa sekunde haitumi picha 25 kamili. Mfumo wa kubana video wa H.264, uliotoka mwaka 2003, na mdogo wake H.265 wa mwaka 2013, hutuma picha moja kamili, fremu kuu, kisha zinazofuata hubeba mabadiliko tu. Meza ya zege haijasogea, kwa hiyo hairudiwi. Mkono wa dalali umesogea, basi huo ndio unaotumwa. Sasa Wi-Fi ikiyumba katikati, vipande vikipotea njiani, unapata picha yenye mabaka ya kijivu, au changu mwenye mkia wa samaki aliyekwisha kuondolewa mezani. Hali hiyo hudumu mpaka fremu kuu nyingine ifike.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya kamera, punguza umbali kati ya fremu kuu na fremu kuu. Ukiweka 25 kwenye kamera ya fremu 25, unapata moja kila sekunde. Mkondo wa RTSP, yaani video inayotoka kwenye kamera kupitia mtandao, nao upitishe kwa TCP badala ya UDP: hizi ni njia mbili za kusafirisha data, na TCP hutuma tena kipande kilichopotea. Na kama kebo inafika, achana na Wi-Fi.

"Ni mubashara, basi picha ni ya sasa hivi."

Piga hesabu. Modeli yako inatumia nusu sekunde kwa kila picha, yaani inamaliza 2 wakati kamera imeleta 25. Programu ikisoma kwa foleni bila kuruka hata moja, baada ya dakika nzima imetazama fremu 120, ambazo ni chini ya sekunde 5 za video. Ndoo imeshauzwa na mwenye nayo kaondoka, kompyuta bado inamwona anaiweka chini. Dawa yake ni kutenganisha kazi: sehemu moja ya programu isome mkondo bila kusimama na kubakiza fremu ya mwisho tu, fremu nyingine zikitupwa; sehemu ya pili, ile ya modeli, ichukue hiyo iliyopo kila inapokuwa tayari. Kutupa fremu kunawauma watu, sijui kwa nini.

"Nunua kamera ya 4K, mambo yataisha."

Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160. Modeli nyingi za YOLO, jamii maarufu ya modeli za kutambua vitu, zikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, huisinyaza picha upande mrefu ubaki pikseli 640. Hapo kila upande umegawanywa kwa 6, na dagaa aliyekuwa na urefu wa pikseli 60 amebaki na 10. Fedha imekwenda dukani bure. Kata kwanza eneo la meza peke yake, ndipo uipe modeli.

Wengine huona picha ina ukungu wakaongeza idadi ya fremu. Ukungu wa mwendo unatokana na muda ambao shata, pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, inabaki wazi. Bodaboda inayokatiza Ngamiani kwa kilomita 36 kwa saa inakwenda mita 10 kila sekunde. Shata ikikaa wazi 1/25 ya sekunde, pikipiki imesogea sentimita 40 ndani ya picha hiyohiyo moja, na namba za kibao zimemwagika zote. Kwa 1/500 inasogea sentimita 2. Ila shata ya haraka inadai mwanga, kwa hiyo magharibi ikiingia utahitaji taa.

Skrinishoti? Hiyo inanasa kilichoko kwenye kioo: mara nyingi ni mkondo mdogo wa kamera, ule wa ubora hafifu, tena wenye tarehe na jina la kamera vimechapwa juu ya samaki. Na ukitumia OpenCV, maktaba ya programu za kushughulikia picha, kumbuka hupanga rangi kwa kuanzia bluu, wakati modeli nyingi zinataka nyekundu ianze. Usipogeuza, samaki mwekundu anakuwa wa bluu.

"Picha zikiwa nyingi, modeli inajifunza zaidi."

Saa moja ya fremu 25 kwa sekunde ni picha 90,000, karibu zote mapacha. Ukiweka pacha mmoja kwenye mafunzo na mwenzake kwenye mtihani, modeli inafaulu kwa sababu jibu ilishaliona. Tenganisha kwa siku: za Jumatatu zifundishe, za Alhamisi zipime.

"Kamera yangu, picha zangu."

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Kuhesabu ndoo hakuhitaji sura ya mama aliyekuja kununua. Elekeza kamera chini, na kilicho nje ya meza kikatwe kabla picha haijahifadhiwa, si baada.