Kushuka kwa Volteji Mwishoni mwa Laini

Ubora wa umeme haupimwi kwa kuwaka kwa taa pekee. Nchini Tanzania, mteja wa fezi moja, yaani anayeletewa waya mmoja wa moto na mmoja wa kurudi, hutarajiwa kupata takriban volti 230, na zinapopungua sana jioni, wakati nyumba nyingi zinatumia umeme kwa pamoja, watu husema umeme ni mdogo. Mafundi huiita hali hiyo kushuka kwa volteji.

Chanzo chake kikubwa ni ukinzani wa waya, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, ambao hupimwa kwa omu. Waya wa alumini wenye unene wa milimita 50 za mraba una ukinzani wa takriban omu 0.6 kwa kila kilomita, na kwa kuwa umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, mteja aliye kilomita moja kutoka kwenye transfoma huhesabiwa omu 1.2. Mkondo wa ampea 20 ukivutwa mwishoni mwa laini hiyo, volti 24 (20 mara 1.2) hupotea njiani. Kwa umbali wa kilomita 2 hupotea 48, zikabaki 182. Kwa volti hizo, mota ya mashine ya kusaga hubakiwa na asilimia 63 hivi ya nguvu yake ya kuzungusha, kwa sababu nguvu hiyo hufuata kipeo cha pili cha volteji. Mota hunguruma bila kushika kasi, hupata joto, na koili zake zinaweza kuungua.

Ndiyo maana ujirani na gesi ya Mnazi Bay, inayozalisha umeme Mtwara, hauwezi peke yake kukikinga kijiji cha wilaya ya Tandahimba au Newala, mkoani humo, ambacho nyumba zake zimetawanyika kati ya mikorosho.

Tiba ya kweli, kwa maoni yangu, ni kuisogeza laini ya kilovolti 33 karibu na nyumba na kuweka transfoma ndogo kadhaa badala ya moja kubwa iliyo mbali, kwani katika volteji kubwa nguvu ileile husafiri kwa ampea chache. Kusawazisha mizigo ya fezi tatu husaidia pia, na laini ndefu mno huwekewa kidhibiti volteji. Stabilaiza ya nyumbani humwokoa mwenye friji, lakini ili kupandisha volti 182 hadi 230 hulazimika kuvuta ampea zaidi kutoka kwenye laini, na hivyo kumpunguzia jirani volti alizobakiwa nazo.