Rangi ya kubandua: ukipuliza nyembamba, utajuta

Wengi wanaopaka pikipiki rangi ya mpira ya kopo, kama Plasti Dip, hudhani kwamba ikipulizwa nyembamba itabanduka kwa urahisi siku wakiichoka. Ni kinyume kabisa. Rangi hii hubanduka kwa sababu ni ngozi moja ya mpira inayovutika. Ikiwa nyembamba haina nguvu ya kuvutika: unaishika pembeni, inakatika, unabaki unaparura vipande vidogo kwa kucha. (Nimeshinda mchana mzima nikiparura madigadi moja.)

Piga mikono (yaani matabaka ya rangi) minne au mitano. Wa kwanza uwe kama vumbi tu, pikipiki ikionekana chini yake. Inayofuata iwe ya kulowesha, ukiacha kila mmoja ukauke kidogo. Utepe wa karatasi uliozibia sehemu usizotaka zipakwe uutoe mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi, la sivyo utaondoka na ngozi.

Tangi ndilo lenye mtego. Petroli huyeyusha mpira huu, hivyo tone moja mdomoni mwa tangi wakati wa kujaza hufanya rangi ivimbe na kukunjamana. Ekzosi na diski za breki usizipulizie kabisa.