Je, wajua kwa nini kazi iliyogoma nyumbani hukubali mgahawani?

Asubuhi ya siku ya kazi, watoto wakishakwenda shule, nyumba yetu hapa Mbeya hutulia kiasi ambacho mtu wa ofisini angekionea wivu. Friji inanguruma kidogo, kuku wa jirani anatangaza yai lake, basi. Nafungua kompyuta, natazama hati ninayopaswa kuitafsiri, na baada ya dakika kumi najikuta jikoni nasugua sufuria ambayo hakuna aliyenituma niisugue. Nikibeba kompyuta ileile nikashuka hadi mgahawa mmoja karibu na Kabwe, penye redio, bajaji zinazopiga honi nje na vijana wanaobishana Simba na Yanga, ukurasa wa kwanza unaisha kabla chai haijapoa. Na Mbeya chai haichelewi kupoa.

Wenzangu wengi wanaofanya kazi bila ofisi, wahasibu, waandishi, watengeneza programu, husema hivyohivyo. Inakuwaje kelele zisaidie na kimya kikwamishe?

Mwaka 2012 watafiti Ravi Mehta, Rui Zhu na Amar Cheema walichapisha majaribio yanayogusa jambo hili. Waliwapa watu kazi za ubunifu, mfano kutafuta neno moja linalounganisha maneno matatu yasiyofanana, huku wakiwasikilizisha mchanganyiko wa sauti za watu mgahawani, magari barabarani na ujenzi wa mbali. Ukisoma hapo utadhani walirekodi Kabwe. Sauti zikiwa desibeli 70 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), watu walibuni vizuri kuliko zilipokuwa 50, ambazo ni kama chumba tulivu. Zilipofika 85, ubunifu ulishuka. Maelezo yao ni kwamba kelele za wastani huipa akili ugumu kidogo, hivyo huacha kung'ang'ania kila kijipande na kuanza kuona jambo kwa upana. Kelele zikizidi, akili inazidiwa tu. Kumbuka desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila kumi zinazoongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara kumi, kwa hiyo sauti ya 85 imebeba nguvu zaidi ya mara 30 ya ile ya 70. Mgahawa ukileta spika za harusi, umeshavuka mpaka.

Ila desibeli peke yake hazinitoshi mimi. Nyumbani pia naweza kuwasha redio nikazipata hizo 70, na sufuria bado itaniita. Nadhani tofauti kubwa ni kwamba sauti za nyumbani zinanihusu. Mwaka 1959 Neville Moray aliwapa watu kazi ya kufuatilia maneno yanayosomwa katika sikio moja, huku sikio la pili likipewa maneno mengine ya kupuuzwa. Waliyapuuza kweli, lakini jina lao lilipotajwa upande huo, karibu theluthi moja walilisikia. Sikio ni kama mlinzi wa usiku. Hata akisinzia, jina la bosi linamwamsha. Nyumbani karibu kila sauti ni jina langu. Lango likilia nataka kujua nani. Mtu akipiga hodi, siwezi kunyamaza, kwa sababu kwetu kuinyamazia hodi ni utovu wa adabu usiosahaulika mtaani. Mgahawani hodi haipigwi kwangu. Sahani ikianguka, si yangu.

Hata hivyo kuna sauti moja ya mgahawani inayoua kazi, nayo ni ya mtu anayeongea na simu. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa watu kazi za kuhitaji umakini kwenye kompyuta huku wakisikia mazungumzo. Waliposikia pande zote mbili za mazungumzo, hawakuharibu kazi. Waliposikia upande mmoja tu, waliharibu. Sauti ileile ilipochujwa hadi maneno yasieleweke, madhara yakatoweka. Sababu ni kwamba ubongo hutabiri neno linalofuata. Ukinyimwa nusu ya mazungumzo, unabaki kuijaza mwenyewe, utake usitake.

Nililiamini hilo siku baba mmoja alipokaa meza ya jirani akapokea simu. "Eeh... hapana... magunia mangapi?... Sasa yeye alisemaje?... Weee! Usimwambie kabisa!" Magunia yake ya viazi vya Uporoto yalikula nusu saa yangu nzima. Wakati huohuo nyuma yangu kulikuwa na akina mama wawili wakiongea Kinyakyusa kwa sauti ya juu kumzidi, na mimi Kinyakyusa sivuki salamu. Maneno yao yalipita kama mvua kwenye bati. Nisikudanganye lakini, lugha usiyoijua nayo si salama kwa kila kazi. Jaribio la Colle na Welsh la mwaka 1976 lilionyesha kwamba hata maneno ya lugha ngeni huvuruga uwezo wa kukumbuka herufi zinazotakiwa kushikwa kwa mpangilio. Kwa hiyo ukiwa unanakili namba ndefu za akaunti, Kinyakyusa hakitakuokoa.

Iringa kuna mgahawa wa Neema Crafts, kituo cha mafunzo na kazi kwa watu wenye ulemavu kilichoanzishwa mwaka 2003, ambako wahudumu ni viziwi. Unaagiza kwa ishara au kwa kuandika. Ukishasalimiana "kamwene" na mliokaa nao meza moja, unaweza kukaa muda mrefu bila mtu kukatiza sentensi yako kwa sauti, na kwa mtu wa kuandika hiyo ni zawadi.

Halafu kuna macho ya watu. Mwanasaikolojia Robert Zajonc aliandika mwaka 1965 kwamba kuwepo kwa wengine hutuongezea kasi katika kazi tuliyoizoea na hutuyumbisha katika kazi ngumu au ngeni. Mwaka 1969 yeye na wenzake walilijaribu jambo hilo kwa mende, naomba radhi kwa wenye migahawa. Katika njia iliyonyooka, mende aliyetazamwa na mende wenzake alikimbia haraka kuliko aliyekuwa peke yake. Katika njia yenye kona, watazamaji walimchelewesha. Tangu nisome hayo, mkataba wa kisheria nautafsiri nyumbani usiku, na makala ya kawaida naipeleka kwenye macho ya watu.

Na kahawa je? Neno mgahawa, au mkahawa, limetokana na kahawa, na jirani zetu wa Mbozi wanailima kwa wingi, lakini mezani wengi wetu bado tunaagiza chai, ya Rungwe au ya Mufindi. Kafeini imo katika zote mbili, ila kikombe cha kahawa kwa kawaida kina kama mara mbili ya kile cha chai. Kazi yake ni kukalia nafasi ya adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni kadiri tunavyokaa macho na kutuletea usingizi. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kahawa ya saa kumi jioni bado iko nawe saa tatu usiku. Kwa wanaopenda ufundi: Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, joto zuri kwa kahawa. Chai ya majani hupenda joto zaidi ya hapo, na labda ndiyo maana tunaiacha itokote sufuriani badala ya kuimwagia maji tu.

Siku hizi nafika mapema, nakaa ukutani karibu na soketi, kompyuta ikiwa imejaa chaji kwa sababu umeme hauna ahadi, na naagiza tena kila baada ya saa moja na nusu ili mwenye meza asinichoke. Simu ya mteja ikiita natoka nje, nisimpe jirani nusu ya mazungumzo. Yule baba wa viazi sijamwona tena, na mpaka leo sijui ni nani hakutakiwa kuambiwa.