Kuigiza siyo kujifanya: dhana potofu kuhusu sanaa za maonyesho na kuandaa viongozi kazini

Mimi nimesoma sanaa za maonyesho na sasa hivi riziki yangu naipata kwa kuwanoa masupavaiza na mameneja wapya viwandani na maofisini. Kila nikiingia sehemu mpya maswali ni yale yale, mtu wa HR, yaani rasilimali watu, ananiuliza kwa upole hivi haya maigizo yatatusaidia nini, mhasibu anataka kujua kwa nini walipe hela watu waje kucheza, na washiriki wakikuta viti vimepangwa duara, hakuna meza wala projekta, wanaanza kutazamana. Siwalaumu, hizi dhana zimezunguka sana. Lakini zinatugharimu jamani, maana watu wanapandishwa vyeo kila siku halafu wanaachwa wajifunzie uongozi kwa kuwaumiza wenzao.

Dhana: Kuigiza ni kudanganya, ukimfundisha bosi kuigiza unatengeneza mnafiki

Mtaani mtu akikwambia "acha kuigiza" ana maana acha kujifanya, na hapo ndipo neno lenyewe linatuponza. Mwigizaji aliyefundishwa anafanya kazi nyingine kabisa. Konstantin Stanislavski, yule Mrusi ambaye yeye na mwenzake Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, maisha yake yote alipigana na uigizaji wa kujionyesha, sauti za bandia, mikono inayopungapunga bila sababu. Alitaka mwigizaji ajiulize, huyu mtu anataka nini, nini kinamzuia, na mimi ningekuwa kwenye hali yake ningefanyaje. Sisi tunaita kuvaa uhusika. Sasa niambie ni meneja gani hahitaji maswali hayo kabla hajamwita mtu ofisini kumsema.

Ngoja niwape kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kulikuwa na dada mmoja kwenye ghala fulani, umri wake kama miaka 27, amepewa usupavaiza juu ya wazee waliomtangulia kazini miaka mingi. Tatizo lake lilikuwa mzee wa stoo, mizigo inachelewa kutoka kila wiki na yeye kila akienda kuongea naye yanaharibika. Tukaweka viti viwili, dereva mmoja wa folklifti akakubali kuvaa uhusika wa mzee, tukaanza.

Mara ya kwanza dada kaingia na daftari mkononi, kasimama mbele ya mzee aliyekaa, kaanza moja kwa moja na makosa, hata shikamoo hakutoa. "Mzee" akajifunga, akawa anajibu sawa, sawa, sawa. Tukasimamisha. Mara ya pili akatoa shikamoo, akauliza hali ya nyumbani, akauliza miguu inaendeleaje, akazunguka weee mpaka mwisho wakaagana, na tulipomuuliza yule dereva umeitiwa nini akasema mimi nilidhani amekuja kunisalimia tu. Mara ya tatu nikamwambia fanya vitu viwili tu, keti, halafu ukishauliza swali nyamaza. Akakaa. "Shikamoo mzee wangu. Jumatatu na jumatano lori limesubiri mpaka saa tatu, na mzigo ulitakiwa utoke saa moja na nusu. Kuna nini pale asubuhi?" Akanyamaza. Kile kimya kilikuwa kirefu, nilimwona anataka kukijaza akajizuia. Yule dereva naye akatoa jibu ambalo hakuna mtu alimpangia: "Mwanangu, ufunguo wa stoo analala nao mlinzi, na yeye anaondoka kabla sijafika."

Watu wote kimya. Ilikuwa kweli. Dereva alikuwa anajua siku zote, hakuna aliyewahi kumuuliza, na yule mzee alikuwa anaona aibu kumshtaki mlinzi. Nitafutieni unafiki hapo uko wapi. Dada alijifunza kukaa, kutoa heshima kwa mkubwa wake bila kuikimbia hoja, na kusikiliza, na hivyo vyote ni vitu vya mwili, huwezi kuvipata kwa kusoma slaidi.

Dhana: Maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, kilichobaki ni sauti na mwili

Hii nimeisikia kwenye semina nyingi mpaka naumia, na watu wanadhani sisi wa jukwaani ndio tutaishangilia. Namba hizo, 7 kwa maneno, 38 kwa sauti na 55 kwa sura, zimetokana na utafiti wa Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, mwaka 1967. Walichofanya ni kusikilizisha watu neno moja moja kwa sauti za namna tofauti, na kwingine kuwaonyesha picha za nyuso, wakakisia mtu huyu anampenda mwenzake au hampendi. Ni habari ya hisia pale maneno na sura vinapopingana, basi. Mehrabian mwenyewe ameshasema haihusu kila mazungumzo. Ingekuwa kweli kwa kila kitu basi ungeweza kuangalia taarifa ya habari ya Kichina bila tafsiri ukaelewa karibu yote.

Na ile ya kusimama umejipanua mikono kiunoni dakika mbili kabla ya kikao ili homoni zipande ujiamini, nayo tuiweke sawa. Utafiti wa 2010 ulikuwa na watu 42. Mwaka 2015 watafiti wengine wakaurudia kwa watu 200, homoni hazikubadilika, na 2016 Dana Carney ambaye alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo akatangaza hadharani kwamba haamini tena kama athari hiyo ipo. Mafunzo ya mwili jukwaani hayana ahadi za namna hiyo. Ni pumzi, ni kutamka irabu zote mpaka mwisho, ni kusikika na mtu wa nyuma kabisa ya karakana jenereta likiwa linanguruma bila wewe kumfokea wa mbele.

Dhana: Uongozi ni kipaji, mtu anazaliwa nacho, na ukikaa naye kwenye intavyuu utakiona

Kuna watu wana wepesi fulani sikatai. Ila kinachotokea kwetu ni kwamba fundi bora anafanywa mkuu wa mafundi, muuzaji bora anapewa timu ya mauzo, na tunaita hiyo kukuza vipaji. Unapoteza fundi mzuri na unapata bosi ambaye hajawahi hata siku moja kufanya mazoezi ya kumwambia mtu hapana.

Kuhusu intavyuu, Waingereza walijifunza kwa shida wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walikuwa wanachagua maofisa wa jeshi kwa mahojiano mafupi, ulisoma shule gani, baba yako ni nani, na wengi waliochaguliwa hivyo wakawa wanashindwa mafunzo. Mwaka 1942 wakaanzisha bodi mpya za uteuzi, wanawachukua watahiniwa siku kadhaa, wanakipa kikundi kazi bila kukiwekea kiongozi, labda kuvusha mzigo mahali pagumu, halafu wataalamu wanakaa pembeni wanaangalia nani anamsikiliza nani. Baadaye mwaka 1956 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, kupitia mwanasaikolojia Douglas Bray, ikaanza kuwapitisha mameneja wake kwenye kazi za kuigizwa, kapu la barua za kujibu, kikao cha kubishania bajeti, na matokeo yakafungiwa, hata mabosi wao hawakuonyeshwa, ili miaka ikipita ionekane kama yalitabiri kweli nani atapanda. Yalitabiri vizuri kiasi kwamba njia hiyo ikasambaa duniani. Ukiitazama kwa jicho langu hiyo ni odisheni. Sisi hatumuulizi mtu "je, unaweza kuigiza", tunampa kipande acheze tumwone.

Dhana: Haya ni ya wachangamfu na wachekeshaji

Hapana. Wale waongeaji ndio wananipa kazi zaidi, kwa sababu wanataka kuchekesha na hawasikii mwenzao kasema nini. Mtu mkimya aliyezoea kutazama mara nyingi anafika mbali haraka.

Dhana: Ni mambo ya kizungu, kwetu hayapo

Hapa nitakaa kidogo maana inanigusa. Jando na unyago vilikuwa vinamwandaa mtu kushika nafasi mpya kwa nyimbo, ngoma na maigizo, kijana anapita kwenye hali kabla haijamkuta. Sasa njoo karibu. Mwaka 1996 walimu wa Idara ya Sanaa za Maonyesho pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba wakiwa mbele, walianzisha mradi wa Tuseme. Waliingia mashule ya sekondari, wasichana wenyewe wakataja kinachowazuia kusoma, wakakitengenezea igizo, wakalicheza mbele ya walimu na wenzao, halafu mjadala. Msichana ambaye hajawahi kunyoosha mkono darasani anasimama anamwambia mkuu wa shule tatizo lake kupitia mhusika. Kama hiyo siyo kukuza uongozi sijui ni nini! FAWE, lile shirika la wanaelimu wanawake wa Afrika, likaichukua ikaenda nchi nyingine nyingi za bara hili. Yaani sisi tumesafirisha ujuzi huu nje, halafu ofisi iliyoko kilomita chache kutoka chuo kilekile inaona ni jambo la kigeni.

Na tukitaka mfano wa kiongozi, Mwalimu Nyerere akiwa rais wa nchi alikaa akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na ile ya kwanza, iliyotoka 1963, ni ya Julius Caesar, hadithi ya madaraka na hotuba na watu wanaogeuka. Hata lugha yetu inajua, anayewapanga waigizaji tunamwita mwongozaji na mwenye cheo tunamwita kiongozi, kitenzi ni kimoja.

Ya Brazil nayo inatufaa. Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa huko, alitengeneza namna ambayo mtazamaji anasema "simama", anapanda jukwaani, anachukua nafasi ya mhusika anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Alipochaguliwa kuwa diwani Rio de Janeiro, miaka ya 1993 hadi 1996, akaitumia kukusanya hoja za wananchi na sheria 13 zikapitishwa kutokana na hayo. Lile la stoo na mzee ni mtoto wa njia hiyo.

Dhana: Semina ya siku mbili hotelini inatosha

Igizo la saa moja na nusu linafanyiwa mazoezi wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Halafu mtu tunampa siku mbili, chai, mifuko na vyeti, jumatatu tunamtegemea awe kiongozi. Wengine wanajitetea na kanuni ya 70, 20 na 10, kwamba asilimia 70 mtu anajifunzia kazini, 20 kwa watu wengine na 10 darasani, hivyo mwache tu huko kazini. Ile ilitokana na wakubwa wa makampuni ya Marekani miaka ya 1980 kuulizwa wakumbuke walijifunzia wapi, siyo kipimo cha kisayansi, na kufanya kazi peke yake bila mtu wa kukwambia ulichofanya siyo mazoezi, ni kurudia makosa yaleyale kwa kasi zaidi.

Dhana: Aliyesoma maonyesho hana anachojua ofisini

Muulizeni msimamizi wa jukwaa amefanyaje: watu 30, bajeti ndogo, maleba (mavazi ya jukwaani), taa, ratiba, mtu mmoja anaumwa jioni ya onyesho na pazia lazima lifunguke saa moja. Wahitimu wa Dar es Salaam na TaSUBa kule Bagamoyo, kile chuo cha sanaa cha tangu 1981, wanafanya hayo kabla hawajapata kazi ya kwanza.

Sasa na mimi niseme pale ambapo hata wenzangu wanakosea, wanadhani kila mtu aigize chochote mradi aingie. Usimlazimishe mtu kucheza jeraha lake mwenyewe mbele ya bosi wake. Badilisha majina, badilisha idara, mtu awe na haki ya kukataa, na mkurugenzi akitaka kuwepo basi naye avae uhusika kama wengine, asikae kona anaandika. Na kama mishahara haijalipwa miezi mitatu msituite, walipeni kwanza.

Kwa anayetaka kujaribu haihitaji hoteli. Dakika 20 kabla ya kazi, viti viwili, mazungumzo moja ambayo mtu anayaogopa wiki hii. Yacheze mara tatu, kati ya raundi uliza aliyekuwa upande wa pili alisikia nini, siyo ulisema nini. Halafu badilishaneni viti. Yule dada wa ghala alipokaa kwenye kiti cha mzee alikaa muda, akasema, "Kumbe ukikaa huku, mtu akisimama mbele yako hivi, humsikii kabisa."